Mzee Hayumo Mchezoni

Jioni ikifika, watoto wa ua wetu hutuigiza. Sisemi wanaigiza mambo ya kwenye televisheni. Wanatuigiza sisi wapangaji, mmoja mmoja, na siri zetu wanazijua vizuri kuliko sisi wenyewe. Jukwaa lao ni lile zege lililofunika tangi la maji katikati ya ua. Pazia ni shuka lolote watakalolikuta kwenye kamba, na kama bado linachuruzika maji, hiyo ni kesi yao na mama zao. Vyumba vyetu vinatazamana mlango kwa mlango, kwa hiyo hakuna anayehangaika kutafuta nafasi. Unavuta kigoda, unakaa mlangoni kwako, unasubiri kuumbuliwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kibarazani kwangu, jicho moja kwenye pindo, jingine kwenye zege. Watu husema mimi ni mkali, na sibishi. Mtu akiniletea kitambaa pungufu halafu akataka sketi ya marinda, namwambia ukweli wake palepale. Lakini watoto wale walinipatia. Nafasi yangu anaichukua binti wa muuguzi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Binti huyo sote tunamwita Mkurugenzi, kwa kuwa ndiye anayeamua nani awe nani. Siku ya kwanza alikaa juu ya ndoo, akabana vijiti midomoni badala ya pini, akaanza kumfokea mteja bila kufungua meno. Nilicheka nusura nishone kidole.

Desturi ya ua ni moja tu: aliyeigizwa halalamiki. Mpangaji mpya haigizwi mara moja, wanamchunguza kwanza. Dereva wa lori alipohamia alikaa muda mrefu hajaguswa, hadi akaja kuniuliza kwa siri kama kuna mtoto aliyemkosea. Siku walipomtoa akimwambia tajiri yake kwenye simu kwamba yuko njiani, kumbe yuko kitandani anatafuta soksi, alishangilia kuliko wote. Alijua sasa amekuwa mwenyeji.

Mwanawe dereva, Kibonge, ndiye mdogo kuliko wote na ndiye anayetuvunja mbavu zaidi, maana hakumbuki hata neno moja analofundishwa. Katikati ya mchezo anampungia mama yake mkono. Siku moja alipewa kazi ya kuwa mlango, akasinzia akiwa mlango, ikabidi wenzake waingie ndani kwa kupitia dirishani.

Na kazi yake kubwa Kibonge ilikuwa kuwa mume wangu.

Mume wangu ni fundi rangi. Amepaka nusu ya nyumba za mtaa huu, na ana namna yake ya kufanya kazi. Akishapaka ukuta, anarudi nyuma hatua kadhaa, anainamisha kichwa upande, anafumba jicho moja, anautazama ule ukuta mpaka mwenye nyumba anaanza kutoka jasho. Kisha anasema, "Bado kidogo." Hata uwe umeng'aa vipi, kwake bado kidogo. Watoto wakampa jina hilo hilo: Babu Bado Kidogo. Kibonge alikuwa anashika ufagio uliokatika kuwa brashi, anarudi nyuma, anarudi nyuma, anarudi nyuma, mpaka anatumbukia kwenye beseni la nguo za mtu. Mume wangu alikuwa anacheka hadi machozi, anajipiga paja. Mchezo ukiisha anawaita wasanii na kuwasahihisha, kwamba jicho linalofumbwa ni la kushoto, na kichwa kisiiname sana kama mtu mwenye maumivu ya sikio.

Ndipo kiharusi kikampiga. Asubuhi, mezani, kikombe mkononi. Kikombe kilianguka kwanza, yeye akafuata.

Alirudi kutoka hospitali akiwa hai, namshukuru Mungu, lakini upande wa kulia ulikuwa umegoma. Mkono umejikunja kifuani, mguu unaburuzika, na maneno yanatoka moja moja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituweka chini akatuambia bila kuzunguka. Mzee atembee kila siku, atoke nje, akanyage ardhi yenye mabonde na vijiwe. Akikaa tu, mguu utakauka, na ukishakauka atakuwa mtu wa kitandani maisha yake yote. Mzee alisikia, akakubali kwa kichwa, akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha dirishani. Hapo ndipo pakawa mwisho wa safari.

Nilibembeleza. Nilitisha. Nilijifanya nalia, halafu nikalia kweli. Jibu lilikuwa "kesho". Nikimuuliza kesho ipi, anageuza uso. Siku moja tu alinijibu sawasawa, akasema hataki kutazamwa. Mimi nikawa namtembeza humo humo chumbani, kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi kitandani, nimemshika kiwiko kwa mikono yote miwili. Chumba chetu kina nini? Ukigeuka mara moja umemaliza. Na kila nikimgusa ule mguu nilihisi unazidi kuwa mgumu, nikanyamaza, maana nilikuwa naogopa hata kulisema.

Kitu kimoja kilinipa moyo. Jioni, watoto wakianza mchezo, alikuwa anasogeza pazia kidogo kwa mkono mzima na kutazama. Mwanzoni nilimsikia akicheka, kicheko cha kukwaruza, lakini kicheko. Kisha kikapungua. Kisha kikakoma kabisa. Aliendelea kutazama, uso umefungwa, kama mtu anayesoma orodha ya walioitwa kazini akitafuta jina lake.

Nikamuuliza ana nini. Nilikuwa nimemletea chai, na nje Mkurugenzi alikuwa anamwigiza mama yake akirudi kutoka zamu ya hospitali, anavua viatu mlangoni na kuvitukana kimoja kimoja.

"Mimi simo," mume wangu akasema.

"Humo wapi?"

Akanyoosha kidole dirishani. "Wote wamo. Hata paka. Mimi simo."

Nikamwambia zamu yake itafika, watoto wana mengi, asiwe na wivu na paka. Akatikisa kichwa. Alihangaika na maneno mpaka mshipa wa shingo ukamtoka, na mimi kama kawaida yangu nikawa nammalizia, nikidhani anataka sukari, nikidhani anataka mto. Akanipuuza. Mwishowe likatoka.

"Wanamtoa mtu akifa."

 Na ni kweli. Bibi wa chumba cha mwisho alipofariki, watoto walimwondoa mchezoni bila kuambiwa na mtu yeyote. Kikohozi chake, kikapu chake, namna alivyokuwa anawahesabia watoto pipi akibania ya mwisho, vyote viliacha kuonekana kwenye zege, na hakuna aliyeuliza. Sasa mume wangu alikuwa amekaa pale kila jioni akisubiri ajione, na kila jioni shuka linashuka hayumo.  Niliitoa ile chai ikiwa imepoa.

Kesho yake nilimfuata muuguzi bombani. Nikamuuliza kwa nini watoto hawamwigizi Babu. Akashusha sauti, akaniambia nisiwe na wasiwasi kabisa, akina mama walishakaa wakakubaliana tangu Mzee aliporudi kutoka hospitali. Mtoto atakayethubutu atakiona cha mtema kuni. Wamefanya hivyo kwa heshima yangu na ya Mzee. Aliyasema hayo kwa upendo, na niliuona. Nikamwomba waiondoe ile amri.

Akaacha kusuuza. "Mama, unataka wamwigize alivyo sasa?"

"Alivyo sasa."

Muuguzi akakataa. Akaniambia yeye kazini huwatoa nje wanaowaiga wagonjwa, leo amruhusu mwanawe afanye hivyo hivyo mlangoni kwake? Nikaenda kwa mke wa dereva. Huyo alidhani namtega. Akasema leo naomba, kesho nitakuja kumlaani Kibonge wake, naye Kibonge ndiye huyo huyo mmoja tu. Makubwa. Nimezeeka nazunguka mlango kwa mlango nawaomba watu wamcheke mume wangu, na wananifukuza kwa adabu. Ilibidi niwakutanishe bombani niwaeleze kila kitu, ile habari ya kutolewa mtu akifa, na kule kukaa dirishani kila jioni. Nilieleza nikiwa nimesimama, mkanda wa kupimia shingoni. Muuguzi akafuta mikono kwenye gauni lake. Akasema nizungumze na Mkurugenzi mwenyewe, akikubali yeye, basi.

Mkurugenzi alinisikiliza amekunja mikono, kama mimi nifanyavyo mteja akianza hadithi ndefu.

"Bibi, tukimwigiza Babu atalia?"

"Sijui."

"Na wewe utalia?"

"Mimi nitakuwa nashona."

Akafikiri. Akasema watajaribu.

Jioni ile sikumwambia Mzee kitu. Nilimsogezea kiti karibu zaidi na dirisha, nikaufungua mlango kwa kisingizio cha joto, nikakaa kwenye cherehani yangu nje. Ua ulikuwa umejaa kuliko kawaida na watu wote walikuwa wanatazama popote isipokuwa mlangoni kwangu. Shuka likafunguliwa. Kibonge akatoka na ufagio wake.

Akapaka ukuta wa hewa, wima kabisa, kifua mbele. Akarudi nyuma hatua zake. Akainamisha kichwa, akafumba jicho la kushoto, safari hii alipatia, akasema kwa sauti nene, "Bado kidogo." Mguu hauburuziki, mkono haujajikunja. Ulikuwa mchezo wa zamani, uleule, kama vile hakijatokea kitu chochote. Watu wakapiga makofi haraka haraka, na nikaona akina mama wanashusha pumzi. Hata mimi, nisiseme uongo, nilipumua. Nikawaza kwamba watoto hawa wamelelewa.

Nikasikia kiti kinakwaruza sakafu nyuma yangu.

Mume wangu alikuwa mlangoni. Ameshika fremu kwa mkono mzima, shati limefungwa vifungo kombo, anahema. Makofi yakakatika. Sikujua amefikaje pale bila mimi.

"Huyo si mimi," akasema. Ilimchukua muda. "Huyo wa zamani."

Kibonge akamtazama mama yake. Mama yake akatazama chini. Mkurugenzi akatoka nyuma ya shuka, hakuogopa hata kidogo, akamjibu kama mkubwa mwenzake, kama anavyowajibu wote.

"Wa sasa hatujamwona, Babu. Hutoki."

 Nilitaka kumfokea yule mtoto, lakini alikuwa amesema kweli tupu. Wangemwigiza vipi mtu wasiyemwona?  Mume wangu akaushusha mguu wake mzima kwenye ngazi ya kwanza.

Niliruka. Mkasi ukaenda kule, sare ikaenda kule, nikamdaka kiwiko kwa mikono yote miwili. Tulishuka ngazi zile mimi nikisema pole pole, pole pole, yeye akihema, mpaka tukakanyaga ua. Ua mzima ulikuwa unamtazama. Jambo alilokuwa analikimbia muda wote ule ndilo hilo, na sasa alilipita katikati akaenda hadi kwenye zege.

Watoto hawakumtazama kama wakubwa wanavyomtazama mgonjwa, kwa kuibia. Walimtazama kikazi. Mkurugenzi alimzunguka, akachuchumaa kabisa kuona unyayo unavyokanyaga. Kibonge akauliza kama unauma.

"Hauumi," Mzee akasema. "Mkaidi tu."

Kibonge akajaribu. Akaburuza mguu kwa nguvu zake zote, akakunja uso, akajitupa chini. Mume wangu akatikisa kidole. Akamwambia ametia chumvi. Akamwonyesha kwamba mguu hauburuzwi kwa kunyooka, unapiga nusu duara kwa nje, na bega ndilo linalotangulia kupanda. Akatembea ili waone. Mkurugenzi akaomba arudie. Akarudia. Wakaomba wamwone kwa upande wa pili, akageuka akarudia kwa upande wa pili. Wakajipanga nyuma yake msururu mzima, mabega juu, nyayo zikipiga nusu duara, wakaenda hadi bombani wakarudi. Muuguzi alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, anacheka na kulia pamoja. Mimi nilikuwa pembeni yake Mzee muda wote, kiwiko mkononi, namwonyesha mawe, namwambia apumzike. Nikatambua ametembea kuliko alivyotembea tangu alipotoka hospitali. Furaha niliyokuwa nayo, acha tu.

Kisha Mkurugenzi akapiga makofi kusimamisha mazoezi. Akasema bado mchezo haujakamilika, kwa kuwa Babu wa sasa hatembei peke yake.

Akaenda ubavuni kwa Kibonge. Akamkamata kiwiko kwa mikono yote miwili, akakiinua juu, akajibana naye kiasi kwamba mtoto wa watu hawezi hata kupumua. "Pole pole. Utaanguka. Angalia jiwe. Umechoka, kaa. Kaa basi." Kibonge akitaka kwenda kulia, anavutwa kushoto. Akiokota ufagio, ananyang'anywa. Akifungua mdomo, "Na...", anamaliziwa, "Njaa? Maji? Mto? Nimekuelewa, nyamaza." Ua ukalipuka. Dereva alikuwa ameshika ukuta. Hata mume wangu alikuwa anacheka, kile kicheko chake chote cha zamani, kikiwa kimepinda upande mmoja tu.

Mimi sikucheka. Uso uliniwaka moto. Nilitaka kusema ni uongo, mimi sifanyi hivyo, na desturi ya ua ikanifunga mdomo. Nikatazama chini nisione watu, na chini nikaona mikono yangu. Ilikuwa kwenye kiwiko chake, miwili, imekiinua juu.

Kibonge, ambaye hajawahi kukumbuka neno alilofundishwa, alikuwa bado anavutwa kule na huku. Akachoka. Sidhani hata alikuwa anaigiza tena.

"Bibi," akasema, "niache nianguke kidogo."

Watu wakazidi kucheka. Mume wangu akaacha kucheka. Hakunitazama, na kiwiko chake kilikuwa kimetulia tuli mkononi mwangu, kinasubiri.

Nikaachia.

Nisiulizwe nilijisikiaje. Mkono mmoja kwanza, halafu wa pili, na hewa ikapita kati yetu. Alisimama pale akiyumba kidogo, akaupata mwili wake, akageuka kuelekea nyumbani. Bega likapanda, mguu ukapiga nusu duara yake. Nilibaki nyuma. Kufika kwenye ngazi kulimchukua muda mrefu sana, na kwenye ngazi ya katikati alipepesuka, mkono mzima ukatafuta ukuta. Muuguzi akainuka kwenye kigoda chake.

"Mwache," nikamwambia. 

Akaushika ukuta. Akapanda. Alipofika juu mlangoni nikadhani ataingia ndani akapumzike kwenye kile kiti chake cha dirishani, na moyoni nilimwomba aingie, nilimwomba kabisa, maana nilikuwa naogopa kuliko hata asubuhi ile ya kikombe. Hakuingia. Alisimama akivuta pumzi, akautazama ua, watoto wamejipanga wanamsubiri. Kisha akageuka kwa shida, akaushusha mguu, akaanza kuteremka tena peke yake, na mimi nikaketi kwenye zege, nimeikalia mikono yangu.